Mdogo wangu ananiomba nimtoe hospitali na mpira ukiwa bado kifuani, nimsikilize au nimzuie?

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina langu wala mkoa, ndugu zangu wanasoma hapa na wengine wakisoma mistari miwili tu watajua ni mimi.

Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, ni bodaboda, ana mke na mtoto mmoja ndo anaanza kutembea. Mwaka huu alianza na homa na kikohozi, akaenda duka la dawa wakampima malaria hawakuona kitu, wakampa vidonge vya kuua bakteria, akameza kidogo akaona nafuu akaacha akarudi barabarani, si unajua mambo ya hesabu ya bosi. Baadae ubavu wa kulia ukaanza kumchoma akivuta pumzi, usiku jasho mpaka shuka linalowa, na mwili ukawa unaisha tunamuona hivi hivi. Tulivyomfikisha hospitali wakapiga picha upande wa kulia wote mweupe, wakaingiza sindano ikatoka usaha mzito wa njano, unanuka Anti mpaka mimi nikatoka nje. Daktari akasema kifua kimejaa usaha lazima awekwe mpira wa kuutoa.

Siku ile ya kwanza ilitoka kama lita moja na zaidi kidogo kwenye chupa alafu nesi akaubana mpira kwa muda, akasema ikitoka yote kwa mkupuo inaweza kumletea shida. Kesho yake akakaa mwenyewe kitandani akaomba chai na chapati, mama akaanza kushukuru Mungu kwa sauti wodi nzima ikageuka.

Sasa wiki ya nne inaingia na bado tupo palepale. Kila asubuhi nesi anachora mstari kwa peni kwenye plasta iliyobandikwa ubavuni mwa chupa anaandika na saa, na mimi nikifika kitu cha kwanza kuangalia ni ule mstari. Umeshuka kutoka mwanzo lakini haukauki, bado unatoka ule wa maziwa maziwa. Picha ya mwisho wanasema pafu halijafunguka vizuri, kuna kama gamba limelizunguka, na wanazungumzia kumpeleka hospitali kubwa ya rufaa mkoa mwingine apasuliwe hilo gamba limenywe. Makohozi walipima TB hawakuona, kipimo cha usaha majibu tunasubiri.

Hapo ndo shida ilipoanza. Mama anasema mpira ndo unatengeneza usaha, mbona kabla ya mpira hakuwa ananuka? Anasema kijijini kwetu kuna mzee aliwekewa mpira hivohivo akatoka amefunikwa. Mjomba yeye amepata mtu anayekausha maji ya mapafu kwa dawa ya kunywa na kujifukiza, ameshaongea nae bei. Shemeji yangu mmoja anauliza kwanini wasipasue shimo kubwa yatoke yote siku moja yaishe. Na hela ya rufaa maana yake ni kiwanja alichotuachia baba, mama anasema hauzi kiwanja kwa ajili ya mtu ambae madaktari wenyewe hawajui atapona lini.

Lakini kinachoninyima usingizi sio hao. Juzi mdogo wangu alinishika mkono akaniambia taratibu, dada nitoe hapa, nimechoka kubeba hiki kidude. Anaenda chooni na chupa mkononi kama mtu aliyebeba ndoo, wagonjwa wa vitanda vya karibu wanageukia ukutani, usiku halali anakodolea macho yale maji kwenye mpira yanavyopanda na kushuka, anasema yakisimama tu ndo basi amekufa. Wifi yangu yupo, analeta chakula, ila ni binti mdogo hana la kusema, mzigo wote upo kwangu.

Nikimtoa akafa mama atanyamaza lakini mimi nitajilaumu maisha yangu yote. Nikimlazimisha abaki akafia kwenye upasuaji watasema dada mtu ndo aliyemuua na kiwanja kikaenda. Nifanye nini Anti?

Dada mkubwa

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana na kuuguza. Barua yako nimeisoma jioni na asubuhi nikairudia, maana na mimi kabla ya kukaa kwenye safu hii nilikuwa nesi, nimechora ile mistari kwenye chupa miaka mingi tu na sikuwahi kufikiria kwamba kuna dada wa mtu anaamka anaiwazia.

Kama nimekuelewa, una mgonjwa ambae matibabu yamemsaidia nusu yakasimama, una familia ambayo kila mtu ana jibu lake mkononi, kuna kiwanja cha marehemu baba kinaning'inia katikati, na una mdogo wako anayekuomba kitu ambacho unaogopa kumpa na unaogopa kumnyima. Na umejipa wewe cheo cha kuamua. Hapo kwenye cheo nitarudi.

Kwanza tuongelee mpira, sababu naona nyumbani kwenu mpira umeshahukumiwa bila kusikilizwa. Pafu limevikwa ngozi laini mbili, moja imelishika pafu lenyewe, nyingine imeshika ukuta wa kifua kwa ndani, na katikati yake kwa mtu mzima mwenye afya kuna majimaji kidogo sana, vijiko viwili vitatu vya chai, ya kulainisha tu. Nimonia ikipiga sana au TB ikiingia pale katikati panajaa maji, na yasipowahiwa yanakuwa usaha. Usaha wa mdogo wako ulikuwepo na ulikuwa unanuka ndani kwa ndani, ila ulikuwa umefungiwa, mpira umeufungulia mlango ndo maana mkausikia. Sisemi mpira hauna kosa lolote, ukikaa muda mrefu ngozi pale unapoingilia inaweza kupata wadudu, unaweza kuziba, unaweza kuchomoka. Lakini kuutengeneza usaha, hapana.

Na yule mzee wa kijijini Mungu amrehemu, ila kuna mtu anajua aliwekewa mpira kwa ajili gani? Watu wanawekewa kwa ajali damu imejaa kifuani, kwa hewa iliyovuja baada ya kuchomwa kisu, kwa kansa ambayo maji yanarudi kila yakitolewa. Mpira unafanana kwa wote, ugonjwa haufanani. Muulize mama hivyo kwa upole, usimuulize kwa kumshinda.

Yale maji yanayopanda na kushuka, naomba leo hii ukamwambie mdogo wako. Mwisho wa mpira ndani ya chupa unazamishwa kwenye maji kama sentimita 2, hiyo ndo valvu yenyewe, hewa na usaha vinatoka ila hewa ya nje hairudi kifuani. Mmoja wa walioanzisha ujanja huu ni daktari wa Hamburg kule Ujerumani, Gotthard Bülau, mwaka 1875, na mpaka leo hatujapata kitu rahisi kuushinda. Maji yanapanda na kushuka kufuata pumzi, ni dalili kwamba njia ipo wazi. Yakisimama haina maana amekufa! Inaweza kuwa mpira umekunjika ameulalia, inaweza kuwa umeziba, na inaweza kuwa habari njema kabisa kwamba pafu limefunguka limefika ukutani. Nesi anajua kutofautisha, kazi ya mdogo wako ni kumuita tu alafu aendelee na usingizi. Kijana wa watu anakesha akilinda maji kwa sababu hakuna aliyekaa nae dakika tano, na hili nalisema kwa uchungu maana ni sisi manesi.

Shemeji yako anayetaka shimo kubwa, hilo swali sio la kijinga hata kidogo. Mwaka 1918 wakati wa ile homa kuu ya mafua, kambi za jeshi la Marekani zilijaa askari wenye usaha kifuani na madaktari wakawa wanafanya hivohivo, wanapasua mapema yatoke yote. Wakafa wengi mno, takribani asilimia 30. Ikaundwa tume, mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji Evarts Graham, wakagundua kwamba ukifungua kifua wakati maji bado mepesi na pafu halijashikana na ukuta, hewa inaingia pafu linasinyaa mtu anakosa pumzi. Wakabadilisha, wakaanza kutoa kwa njia iliyofungwa kwanza na kumlisha mgonjwa vizuri, vifo vikashuka mpaka asilimia 4 hivi. Mwalimu wetu chuoni alikuwa anatuhadithia hii kila mwaka. Ila sikiliza, baadae, usaha ukishakuwa mzito na pafu limeshagandana na ukuta pembeni, kufungua kunawezekana, na hapo ndo nataka nikuambie kwamba njia mlizonazo sio mbili kama ulivyoandika.

Wewe umeandika ni abaki apasuliwe au atoke. Mimi ningependa mumuulize daktari vitu ambavyo viko katikati. Je, wamepiga utrasaundi ya kifua kuona kama usaha umejigawa vyumba vyumba? Maana mpira mmoja unamaliza chumba kimoja tu, vingine vinabaki vimejaa na nyie mnaona hakuna maendeleo. Je, mpira wenyewe haujaziba, unaweza kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, au kubadilishwa ukawekwa mwingine mahali panapofaa? Kuna dawa za kupitisha kwenye mpira za kuyeyusha matando yanayogawa hivyo vyumba, hazipo kila hospitali na zinaweza kusababisha damu kutoka, na ikishafika wiki ya nne nguvu yake inapungua, lakini kuuliza ni bure.

Upasuaji wa kumenya gamba, ndio, ni mkubwa, sitakudanganya. Damu inaweza kupotea nyingi, hewa inaweza kuvuja siku kadhaa, kuna hatari za usingizi wa upasuaji, na akiamka atakuwa na mipira tena, wakati mwingine miwili. Hilo mwambieni kabla, asije akaamka akaona mmemdanganya. Upande wa pili, kwa kijana wa miaka 29 mwenye moyo mzima, pafu likifunguliwa anaweza kurudi kuendesha pikipiki akiwa na pumzi zake karibu zote, wakati gamba likiachwa likakaza linaweza kuvuta ubavu mpaka mtu anapinda. Na kuna njia ya tatu inayofanyika kwa watu wasioweza upasuaji mkubwa, wanatoa kipande kidogo cha ubavu au wanaukata mpira mfupi unaishia kwenye mfuko, mgonjwa anaenda nyumbani anasafishwa kila siku. Ni miezi, sio wiki, na inataka mtu mvumilivu wa kumfunga vidonda. Lakini ni nyumbani. Kama kinachomuua ni wodi, pengine hii ataisikia kwa sikio tofauti.

Na sasa ndo nije kwake. Mwanangu, mdogo wako alivyokwambia nitoe hapa nimechoka kubeba hiki kidude, wewe ulisikia anakataa matibabu. Mimi nimesikia mtu anayeona aibu. Anaona aibu kupita na chupa, anaona aibu kunuka, anaumwa akivuta pumzi ndefu, hivyo analala tu. Na hapo kuna fundo, sababu pafu linafunguka kwa kutembea, kukaa wima, kukohoa, kuvuta pumzi mpaka chini, kupuliza puto au hata glovu ya nesi. Asipofanya pafu halifunguki, lisipofunguka mpira hautoki, usipotoka aibu inazidi. Sina uhakika kama ndo kinachomkwamisha, gamba lipo picha imelionyesha, lakini hebu ulizeni kama anapewa dawa ya maumivu kabla ya mazoezi au anapewa usiku tu. Shona kimfuko cha kitenge cha kuvika chupa, kiwe na mkanda, aweze kubeba ikiwa chini ya usawa wa kifua, isiinuliwe juu maana yaliyomo yanaweza kurudi. Kamwe msiubane mpira wenyewe eti kwa safari ya chooni, kama kuna hewa inatoka mapovu mapovu ukaibana, inajikusanya ndani na inaweza kumuua kwa dakika chache. Alivyoubana nesi siku ya kwanza ilikuwa ni kwa sababu maalum na alikuwa anamuangalia.

Lakini pia usichukue maneno yangu ukamfanya mtoto. Ana miaka 29. Muulize kwa maneno haya au ya kwako, ungekuwa huna maumivu na unajua tarehe ya kutoka, bado ungetaka kuondoka? Akisema hapana, basi mna kazi ya kutafuta dawa ya maumivu na tarehe. Akisema ndiyo, basi ana jambo lingine hajakwambia, inaweza kuwa deni la pikipiki, inaweza kuwa anaogopa majibu ya TB au kipimo kingine cha damu, sijui, mwache aseme.

Na wifi yako. Katika barua nzima ametokea sentensi moja, analeta chakula hana la kusema. Umeshamuuliza? Huyo ndiye atakaemfunga kidonda, ndiye atakaebaki na mtoto, na mara nyingi mwanaume anachoficha kwa dada yake mkewe anakijua. Ukisema mzigo wote upo kwangu, mimi naona kuna mtu amesimama karibu yako na mikono yake mitupu.

Kuhusu mtu wa mjomba. Sitamtukana. Ila dawa ya kunywa haina njia ya kuuondoa usaha uliokaa kati ya pafu na ukuta ukiwa mzito vile, na kujifukiza ukiwa na mpira ni kutafuta kuungua au kuuchomoa. Cha kuogopa zaidi ni muda, gamba linakaza kadri siku zinavyokwenda. Kama ikifika mdogo wako ameamua kabisa kutoka kwa kusaini mwenyewe, hiyo ni haki yake, basi atoke kwa mpangilio na asitoroke usiku. Mpira utolewe na daktari, msiung'oe nyie. Dawa zake zote mkononi. Akipata homa, akishindwa kupumua, akianza kukohoa usaha mwingi ghafla, mnarudi saa hiyohiyo bila aibu ya kwamba tulisaini.

TB nayo msiifunge mlango kwa sababu makohozi hayakuonyesha. TB ya kwenye zile ngozi za pafu mara nyingi haionekani kwenye makohozi, na hata kipimo cha usaha kinaweza kuipitia pembeni, daktari anaangalia na mambo mengine. Ikiwa ndiyo, dawa ni za miezi 6 na kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, mama ajue hilo kabla hajauchukia ugonjwa kwa jina.

Kiwanja... hapa mwanangu natembea taratibu maana ni cha baba yenu na sio changu. Naomba tu msikiuze na msikatae kukiuza kabla hamjajua bei. Hujaniambia upasuaji ni kiasi gani, na nahisi hata nyie hamjaambiwa. Hapo hospitali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nenda na wifi muulize kuhusu msamaha wa gharama au kulipa kidogokidogo, na muulize pia kama mgonjwa wa rufaa anapelekwa na gari la hospitali. Inaweza kutokea deni ni dogo kuliko kiwanja, inaweza kutokea ni kubwa kweli, ila mtakuwa mnabishania namba mnayoijua.

Ukiniuliza nifanye nini nashindwa kukujibu kwa neno moja, na sidhani kama ni wewe peke yako wa kujibu. Kwenye barua yako umejipangia lawama za pande zote mbili kabla ya lolote kutokea, ukimtoa ni wewe, ukimbakiza ni wewe. Watu watasema, ndugu wanasema siku zote, mimi nimeona waliosemwa na mgonjwa amepona na anakula.

Muulize nesi wa zamu siku ambayo daktari wa upasuaji anapita, maana sio kila raundi anakuwepo. Nendeni siku hiyo wewe na wifi, na mama akikubali, na maongezi yafanyike pembeni ya kitanda mdogo wako akisikia, msiitwe koridoni mkamuacha anawatazama midomo. Maswali yaandike kwenye simu sababu madaktari wakitokea kundi zima mtu unasahau hata jina lako. La kwanza kabisa liwe hili, tukisubiri wiki mbili zaidi na mpira tunategemea nini kibadilike, na kisipobadilika mtafanya nini.